Upimaji wa Saratani ya Utumbo Mpana: Mwongozo kwa Wahudumu wa Vituo vya Afya vya Jamii Nchini Marekani

Mwongozo huu ni wa wauguzi, wakalimani na wahudumu wa vituo vya afya vya jamii nchini Marekani, hasa wanaohudumia familia zinazozungumza Kiswahili kutoka Kongo na Burundi.

Tangu 2021, pendekezo la kitaifa ni kupima watu wenye umri wa miaka 45 hadi 75. Awali lilianzia 50. Anayetokwa damu wakati wa haja kubwa, au ambaye mzazi au ndugu yake wa damu aliugua saratani hii, asipewe pakiti ya kipimo cha choo. Huyo aonwe na daktari.

Kwa wengine, njia mbili ndizo za kawaida: kolonoskopi, yaani kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa, kila baada ya miaka 10 ikiwa haikuonyesha kitu, au kipimo cha choo kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho, kila mwaka. Vituo vingi havina kamera, kwa hiyo kazi yenu kubwa itakuwa kwenye kipimo cha choo. Pakiti isisubiri daktari akumbuke. Muuguzi aruhusiwe kwa maandishi kuikabidhi, hata siku mtu amekuja kuchomwa chanjo ya mafua tu. Utaratibu huo ulijaribiwa San Francisco na ukaongeza idadi ya waliopimwa.

Kukabidhi pekee hakutoshi. Fungua pakiti mbele ya mgonjwa: "Mama, karatasi hii unaitandaza juu ya maji ya choo. Kijiti unakwangua nacho kinyesi juu juu, sehemu kadhaa, kisha unakirudisha kwenye kichupa na kukifunga." Mweleze kwamba hahitaji kubadili chakula. Halafu tarehe: aandike siku aliyochukua sampuli, si siku aliyopewa pakiti, na umwonyeshe kwamba Marekani mwezi hutangulia siku. Sampuli isiyo na tarehe, au iliyokaa mno, maabara huikataa, na mtu aliyeona haya mara ya kwanza ni vigumu kumrudisha kwa mara ya pili. Mtoto wa mgonjwa asifanywe mkalimani wa mambo haya. Kituo kinatakiwa kutoa mkalimani bila malipo. Pakiti isiporudi baada ya wiki mbili, piga simu.

Kipimo kikionyesha damu, msirudie kipimo cha choo kwa matumaini kwamba safari hii kitakuwa safi. Mweleze mgonjwa kwamba damu si lazima iwe saratani, lakini kolonoskopi ni lazima, nayo huweza kuondoa vinyama vilivyoota ndani ya utumbo kabla havijageuka saratani. Kuichelewesha zaidi ya miezi tisa au kumi kumehusishwa na saratani iliyokwisha kusambaa.

Hapa ndipo vituo vingi hukwama. Punguzo la bei kulingana na kipato hutolewa kituoni. Hospitali ya nje haifungwi nalo. Kwa hiyo tafuteni daktari wa kamera atakayewapokea wasio na bima kabla ya kugawa pakiti ya kwanza. Wenye Medicare, na wengi wenye bima binafsi, tangu 2023 hawapaswi kuchangia malipo ya kolonoskopi inayofuata kipimo cha choo chenye damu, ingawa mwenye Medicare anaweza kutozwa sehemu ya gharama kinyama kikiondolewa. Ofisi ikiwatoza, wasaidieni kuhoji.

Ulizeni pia kuhusu kazi. Anayefanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama hawezi kunywa dawa ya kuharisha, ya kusafisha utumbo kabla ya kolonoskopi, akiwa kazini, na baada ya dawa ya usingizi ya kipimo hicho haruhusiwi kuendesha gari. Barua kwa mwajiri na mtu wa kumrudisha nyumbani vipangwe siku ileile ya kuweka miadi.

Katika ripoti, idadi ya pakiti zilizogawiwa isiwapumbaze. Hesabuni zilizorudi, kisha wenye damu waliofika kwenye kamera. Mfanyakazi mmoja ashike orodha ya hao wa mwisho, na asifute jina mpaka ripoti ya kolonoskopi iwe ndani ya faili. Neno la mgonjwa kwamba alikwenda halitoshi: ni ripoti inayosema kama utumbo ulikuwa safi kiasi cha kuonekana, na arudi lini.