Biti Moja, Mikono Miwili

SWALI: Mimi ni mwanafunzi hapa Kibiti. Kwa nini kubadilisha biti moja ndani ya kiini cha mfumo endeshi kuwe jambo la hadhari?

JIBU: Kwa sababu prosesa haiichukui biti peke yake, bali sharti isome neno zima, aghalabu la biti 64, ibadilishe moja, kisha ilirudishe neno lote mahali pake. Tuseme katika gati ya Nyamisati, abiria wa Mafia wanapoandikishwa, makarani wawili wamenakili ukurasa mmoja wa daftari, kila mmoja akatia alama ya abiria wake katika nakala yake, kisha wa kwanza akabandika yake daftarini na wa pili akabandika yake juu ya ile: alama ya kwanza imepotea, wala hapana karani aliyefanya taksiri. Kadhalika prosesa mbili zikikutana hivyo, kifaa chenye shughuli huonekana hakina, kwa kuwa biti yake imepotea, na hitilafu hiyo yaweza kukaa miezi isijirudie.

SWALI: Dawa yake?

JIBU: Kuzifanya hatua tatu tendo moja lisilogawanyika. Prosesa za ARM, zilizomo katika simu nyingi za mkononi, zina njia ya kusoma neno na kuliangalia, hivi kwamba ikiwa mwingine ameligusa kabla halijaandikwa, uandishi hukataliwa na kazi huanza upya. Linux, kiini alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 na ambacho ndicho kilichomo ndani ya Android, huliita tendo hilo set_bit, na lile jepesi lisilo na ulinzi huliita __set_bit. Kwa maoni yangu vistari viwili ni alama hafifu mno kwa tofauti nzito kama hiyo, maana asiye na ulinzi akiandika biti ya jirani katika neno lilo hilo, huweza kuifuta kazi ya mwenye ulinzi.

SWALI: Basi kutogawanyika kwatosha?

JIBU: La, na hapa hukosea hata mafundi hodari. Zamani majahazi yalipopakia boriti za mikoko katika delta ya Rufiji kwenda Uarabuni, kama bendera ya kuondoka ingalipandishwa kabla ya mzigo wa mwisho kufika, nahodha angalitweka tanga na shehena pungufu. Kadhalika prosesa ya ARM yaweza kuionyesha bendera, yaani biti, kwa wenzake kabla ya shehena, yaani data iliyoandikwa kabla yake. Na set_bit haiahidi mpangilio wowote. Lakini test_and_set_bit, ambayo hurudisha hali ya biti kabla ya kubadilishwa, huuahidi kwa ukamilifu. Na clear_bit_unlock huhakikisha kwamba yote yaliyoandikwa kabla ya kufungua biti itumikayo kama kufuli yameonekana kwanza.

SWALI: Na biti mbili zikipasa kubadilika pamoja?

JIBU: Tumia kufuli ya kawaida. Matini ya Linux ni wazi kwa kila mtu. Uanze na faili iitwayo atomic_bitops.txt, nayo si ndefu.