Kama Fedha Zingekuwepo, Tungenunua Gari Gani?

Ndugu wanakamati, tuseme fedha si tatizo: je, tungenunua Ferrari? Ingepanda kona za lami kutoka Mombo hadi hapa Soni, lakini ikiacha lami kwenda vijijini ingekwaruza tumbo. Hilo si gumu kulijibu. Kishawishi chetu ni shangingi. Azimio la Arusha la 1967 lilikumbusha kwamba hata fedha za kigeni zilizonunulia gari zilitokana na mazao ya mkulima, na barabara ya lami pia yeye ndiye huilipia. Mfadhili hutoa gari mara moja. Matairi, bima na mafuta hutoka kwenye sadaka za wauza mboga.

Kwa mjadala: gari tunaloomba litampakia mgonjwa, au mwenyekiti tu?