Kamera Moja kwa Picha na Video: Mwongozo kwa Mpiga Picha Anayeanza Kazi

Mwongozo huu ni wa mpiga picha anayetumia kamera ya DSLR ya bei ya chini, na ambaye mteja anamtaka afanye peke yake kazi ya picha na ya video katika sendoff, mahafali au sherehe ya kikundi cha vikoba. Mfano unaotumika humu ni Canon EOS 2000D, iliyotoka mwaka 2018. Ina megapikseli 24, nazo zinatosha hata kwa picha kubwa ya kutundika sebuleni. Mwenye kamera hii anatakiwa kujua inachoshindwa kufanya kabla hajapokea malipo ya awali.

Kamera hii haina tundu la maikrofoni. Tena, sehemu ya juu inapopachikwa flashi haina pini ya katikati, kwa hiyo flashi rahisi zinazotegemea pini hiyo peke yake haziwaki, hata muuzaji akiapa kuwa zinaingiliana na Canon zote. Canon 250D ya mwaka 2019 ina tundu la maikrofoni, ila kwenye flashi ina kasoro ileile. Kagua pia lenzi. Lenzi ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera ipo ya aina mbili, na isiyo na herufi IS haina kifaa cha kutuliza mtikisiko. Kwa picha za mchana utaivumilia. Kwa video ya mkononi haifai.

Kabla ya kwenda kazini, fungua menyu na uweke mfumo wa video kuwa PAL, fremu 25 kwa sekunde. Umeme wetu wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50, na taa za tyubu pamoja na LED nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera inanasa. Kamera zilizonunuliwa Marekani, ambako hii huitwa Rebel T7, kwa kawaida huja na mpangilio wa NTSC wenye fremu 30, na wengi huzitumia hivyo hivyo. Matokeo yake ni michirizi ya giza inayopanda na kushuka ukutani nyuma ya maharusi, na michirizi hiyo ni kazi ngumu kuiondoa wakati wa kuhariri. Weka mwanga wa video kuwa wa kuseti mwenyewe, kisha shata iwe 1/50.

Ugumu unaanzia hapo, kwa sababu shata ya 1/50 haifai kwa picha za watu wanaocheza. Picha hizo zinahitaji 1/200 au zaidi, la sivyo mikono na vitambaa vinageuka ukungu. Anayegeuza gurudumu kutoka video kwenda picha kila dakika atakosa vyote viwili. Kaa na mteja mapema, muandike ni matukio gani yatarekodiwa: kuingia ukumbini, viapo au nikaha, keki, nasaha za wazazi. Muda mwingine wote ni wa picha. Akitaka video ya sherehe nzima pamoja na picha zote, mweleze kuwa anahitaji watu wawili na umpe bei ya watu wawili. Katika makubaliano hayohayo pata idhini yake kama unakusudia kujitangaza kwa picha zake mtandaoni. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na Kenya ina yake tangu 2019. Kwa picha za watoto, idhini itoke kwa mzazi.

Mwanga ndio utakaokutesa kuliko kitu kingine. Kipimo cha mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina weupe wa wastani. Bibi harusi akiijaza fremu kwa shela na gauni jeupe, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza, gauni linakuwa kijivu na uso wenye ngozi nyeusi unapotelea gizani. Ukiwa kwenye modi ya Av, ongeza mwanga kwa nusu hadi hatua moja kwa alama ya +/-. Bwana harusi mwenye suti nyeusi mbele ya pazia jeusi anahitaji kinyume chake. Ndani ya ukumbi ambamo taa hazibadiliki, ni bora kutumia M: mwombe mhudumu asimame jukwaani kabla wageni hawajafika, pima mwanga usoni mwake, piga, tazama kioo, rekebisha, kisha usiguse tena hadi taa zibadilike. Piga kwa RAW, maana humo uso unaweza kung'arishwa baadaye, ila gauni lililoungua kwa mwanga halirudi.

Lenzi ya 18-55 ikivutwa hadi mwisho hufungua f/5.6 tu. Lenzi ya 50mm f/1.8 huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi, na kwa fedha ya kwanza utakayopata, nunua hiyo kabla ya begi au kamera nyingine. Usiogope ISO 3200. Wateja husamehe chengachenga, lakini picha iliyotikisika hawaisamehe.

Kwenye video, kamera hii haimfuati mtu kwa fokasi. Weka kamera kwenye stendi, kuza taswira kwenye kioo, pata fokasi ya macho, hamishia swichi ya lenzi kwenye MF, ndipo urekodi. Msemaji akisogea, simamisha na uanze upya. Kipande kimoja hakizidi dakika 29 na sekunde 59, kwa hiyo kwenye hotuba ndefu kata mwenyewe wakati watu wanapiga makofi.

Sauti irekodi kwa simu. Iweke kwenye modi ya ndege ili asipige mtu katikati ya viapo, washa programu ya kurekodi, kisha itie kwenye mfuko wa shati wa msemaji. Usiiweke karibu na spika, maana mlio wake hupasua sauti. Kamera na simu zikishaanza kurekodi, piga kofi moja mbele ya lenzi. Mlio huo ndio utakaokusaidia kuoanisha sauti na picha kwenye kompyuta.

Betri iliyojaa hutoa takriban picha 500 ukitazama kwa tundu la jicho, na pungufu mno ukitumia kioo au kurekodi, kwa hiyo nenda na mbili. Kadi inaingia moja tu na haina nakala. Tumia kadi mbili za Class 10, ubadilishe katikati ya sherehe, na usiku huohuo nakili kila kitu sehemu mbili tofauti. Kadi isifutwe mpaka mteja awe amepokea kazi yake na kuifungua mbele yako.