Mdogo wangu, usisaini kabla hujauliza

Mdogo wangu, sogea tuzungumze. Umeambiwa una saratani ya titi, hedhi yako bado inakuja kila mwezi, na sasa daktari anataka kutoa ovari. Umetoka pale kichwa kinakuzunguka: ugonjwa uko kifuani, tumboni wanafuata nini? Wengi wanaliuliza swali hilo kimoyomoyo, wanaona haya kulitamka.

Ovari ndizo zinazotengeneza estrojeni, na ziko saratani za titi zinazostawi kwa homoni hiyo. George Beatson, daktari wa Glasgow, alimtoa mgonjwa wake ovari mwaka 1895, estrojeni yenyewe haijajulikana bado, na uvimbe ukanywea. Lakini si kila saratani ya titi iko hivyo. Kile kinyama walichokukata lazima kipimwe vipokezi vya homoni. Kama havipo, kutoa ovari hakutatibu titi lako. Nawe hujayaona majibu, kalamu iko mkononi! Hapo nakukanya, dada.

Najua kinachokuliza usiku ni mtoto. Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Mwambie daktari mapema kwamba bado unataka kuzaa. Ovari zikitolewa hazirudi. Ipo sindano ya goserelini, ya kila siku 28, inayozilaza, na ikiachwa mara nyingi huamka, ingawa hakuna wa kukuahidi. Wako pia wanaotosheka na dawa ya tamoksifeni peke yake. Ila sindano haitaki uvivu, na kama nauli ya hospitali inakushinda kila mwezi, sema hilo nalo. Kuna wanaochagua upasuaji kwa sababu hiyo, wala hawajakosea.

Halafu mwili. Hedhi itakatika ghafla, tofauti na ya mama yetu iliyoaga polepole. Utashikwa na joto, utaamka shuka limelowa, ukeni patakauka, mifupa itapungua nguvu. Usikimbilie duka la dawa kutafuta vidonge vya homoni. Utakuwa unaulisha ugonjwa ule ule. Ukavu una vilainishi visivyo na homoni, mifupa inapimwa na kutibiwa. Na usimkwepe shemeji chumbani bila neno, atadhani humtaki.

Kliniki ijayo ingia naye. Majibu ya vipokezi yawe mezani, na la mtoto ulianze wewe, kabla daktari hajafungua faili.