SOMO LA WANACHAMA: KUCHUJA BARUA PEPE

Ndugu Wanachama,

Katika masomo yaliyotangulia tumezungumza juu ya kuanika karafuu, kutenga makonyo na kuweka hesabu za shamba. Safari hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengine watasema si la mkulima, nalo ni namna ya kuweka kanuni za kuchuja barua pepe. Twaomba msigeuze ukurasa upesi. Jambo hili limekwisha kuigharimu Jumuiya fedha, na kosa lilikuwa letu sisi wa ofisini.

KISA CHENYEWE

Tulikwenda Mpanda, mji mkuu wa Mkoa wa Katavi, ule mkoa uliokatwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Tulipanda garimoshi Tabora, tukashika ile njia inayochepuka Kaliua na kwenda yapata kilomita 210 kati ya misitu ya miombo hadi Mpanda. Nia yetu ilikuwa kuona jinsi wafuga nyuki wa huko wanavyosafisha asali na kuifungasha, tukijua kwamba wao na sisi tuna shida moja: mali njema ikichanganyika na takataka, bei huanguka.

Siku ya tatu tulikuwa bandani wanapochuja. Mzee mmoja alikuwa akimimina masega yaliyopondwa juu ya kitambaa, asali ikidondoka ndooni. Mara simu yetu ikalia. Msemaji alikuwa mkaguzi wa mashamba ya kilimo-hai. Alikuwa amesimama gatini Mkoani, Pemba, mfuko wake begani, akauliza ni nani aliyekuja kumpokea. Tukamjibu kwa mshangao kwamba hatukupata habari ya kuja kwake.

Akasema, "Nimewaandikia mara mbili, Bwana Katibu."

Jioni tulikwenda mjini kwenye duka lenye kompyuta, tukafungua akaunti ya Jumuiya. Katika kikasha cha barua ziingiazo hatukuona kitu. Katika sanduku la barua taka, hali kadhalika. Tukafungua kapu la barua zilizofutwa, na humo tukaikuta barua yake ya pili, haijasomwa. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kupotea kabisa, kwa kuwa Gmail huziweka barua zilizofutwa kwa siku 30 tu.

Aliyezitupa ni nani? Ni sisi. Miezi michache kabla ya hapo, tulipochoshwa na barua za watu wanaoahidi mamilioni, tuliweka kanuni kwamba kila barua yenye neno "malipo" ifutwe. Na mkaguzi, kwa adabu ya kazi yake, alikuwa ametukumbusha malipo ya ada mwishoni mwa barua. Neno hilo moja likamtia katika kundi la matapeli. Alirudi Unguja kwa boti iliyofuata, na Jumuiya ikalipa nauli yake mara ya pili. Twawaomba radhi wanachama wote, hasa wale waliokwisha kupalilia na kufagia mashamba yao wakingoja ukaguzi.

Kesho yake tulimweleza yule mzee yaliyotupata. Alicheka kidogo, kisha akatuonyesha kilichobaki juu ya kitambaa chake.

"Ndugu Katibu," akasema, "mgeni huona hiki ni uchafu akakitupa. Hii ni nta, nayo tunaiuza. Kilichobaki kwenye chujio hakitupwi mpaka kitazamwe."

Somo letu lote la leo limo katika maneno hayo.

BARUA TAKA NI NINI?

Barua taka ni barua isiyoombwa, inayopelekwa kwa watu wengi kwa mara moja, aghalabu kwa kutaka kuuza kitu au kuiba. Si jambo la jana. Mwezi Mei 1978 Gary Thuerk, wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, aliwapelekea watu wapatao 400 tangazo la kompyuta katika mtandao wa ARPANET, na wengi wao walikasirika. Tangu hapo zimezidi kwa sababu moja: kupeleka barua milioni hakumgharimu mtu zaidi sana kuliko kupeleka mia. Tapeli hahitaji kila mtu amwamini. Akiamini mmoja katika maelfu, kazi yake imelipa.

Kampuni zinazotunza barua zetu, kama vile Gmail, zina chujio lao wenyewe. Njia moja iliyoenea baada ya Paul Graham kuiandikia makala mwaka 2002 ni ya kupima maneno. Msingi wake ni hesabu ya Thomas Bayes wa Uingereza, iliyochapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake. Kompyuta hutazama barua ambazo watu wamesema ni taka, na zile walizosema ni njema, ikahesabu kila neno limetokea mara ngapi upande huu na upande ule. Barua mpya ikija, hukusanya ushahidi wa maneno mengi kwa pamoja. Angalieni tofauti: chujio la namna hiyo halihukumu kwa neno moja. Sisi tulihukumu kwa neno moja.

Basi kila chujio laweza kufanya makosa mawili. La kwanza ni kupitisha uchafu. La pili ni kuzuia kilicho safi. Mchambuaji akiacha makonyo kidogo ndani ya karafuu, makonyo hayo yaweza kuondolewa baadaye jamvini. Lakini akizitupa karafuu pamoja na makonyo, zimekwenda. Vivyo hivyo barua taka moja iliyopita hukupotezea dakika, bali barua njema iliyofutwa yaweza kukupotezea msimu. Kwa hiyo kanuni zetu mpya zaanza kwa kulinda zilizo njema, ndipo zitenge mbaya.

JINSI YA KUWEKA KANUNI

Twaeleza kwa Gmail, kwa kuwa ndiyo tuitumiayo ofisini. Kazi hii hufanywa kwenye kompyuta, kwa kufungua Gmail katika kivinjari, maana programu ya Gmail ya simuni haina mahali pa kuunda vichujio. Bofya alama ya gurudumu lenye meno, fungua mipangilio yote, kisha sehemu ya vichujio na anwani zilizozuiwa. Hapo utaunda kichujio kipya. Utaulizwa barua imetoka kwa nani, mada yake ni nini, ina maneno gani, na kama ina kiambatisho. Ukishajaza, utaulizwa barua ya namna hiyo ifanywe nini.

Kanuni ya kwanza: walinde unaowajua. Katika nafasi ya mpelekaji andika anwani za wakaguzi, benki, ofisi za serikali na wanunuzi wa kweli. Zikiwa nyingi, zitenganishe kwa neno OR kwa herufi kubwa. Kisha weka alama ya kwamba barua hizo zisipelekwe kamwe kwenye barua taka, na uzipe lebo, mathalan "Muhimu kwa Jumuiya". Ikiwa ofisi ina anwani yake yenyewe, waweza kuandika sehemu inayofuata alama ya @, na wafanyakazi wake wote wakaingia. Lakini usifanye hivyo kwa @gmail.com, maana mlango huo ni wa watu wa dunia nzima, na tapeli naye hupitia humo.

Kanuni ya pili: tenga kwa fungu la maneno, si kwa neno moja. Neno "malipo" lina mwema na mbaya. Bali "umeshinda bahati nasibu" ni maneno yasiyo na kazi katika biashara ya karafuu. Yaandike ndani ya alama za kunukuu, ili kompyuta iyatafute kwa mpangilio huo.

Kanuni ya tatu: usifute, weka kando. Usichague kufuta. Chagua barua ipite bila kuingia kikashani, na uipe lebo ya "Za Kukaguliwa". Hapo haikusumbui, nayo haijapotea. Hii ndiyo nta ya yule mzee.

Kanuni ya nne: jaribu kabla ya kuweka. Ukishajaza maneno, bofya kwanza kitufe cha kutafuta. Utaonyeshwa barua za zamani ambazo kanuni hiyo ingezikamata. Zipitie moja moja. Ukiona barua njema kati yake, kanuni yako ni kali mno, irekebishe. Lau tungalifanya hivyo, tungaliona barua kadhaa za benki na za wanachama zenye neno "malipo", na yasingalitupata yaliyotupata.

Kanuni ya tano: barua za wanachama. Tumeweka kichujio kinachotafuta neno KARAFUU katika mada. Kwa hiyo, mkituandikia, wekeni katika mada neno hilo pamoja na namba yako ya uanachama. Barua yako itapewa lebo ya wanachama na haitatupwa kwenye taka.

Tena kuna matangazo ambayo mtu alijiandikisha mwenyewe, kisha akayachoka. Hayo si ya kuwekewa kanuni. Tumieni kiungo cha kujiondoa. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimewataka wanaopeleka matangazo kwa wingi sana warahisishe njia hiyo. Lakini barua ya mtu usiyemjua kabisa usibofye ndani yake chochote, hata hicho cha kujiondoa, maana huenda ukamjulisha tapeli kwamba anwani yako ina mwenyewe.

CHUJIO LISICHOWEZA

Iko hila ambayo ni shida kwa chujio kuiona. Tapeli huweza kujipatia anwani inayofanana na ya mtu mnayefanya naye biashara, tofauti ikiwa herufi moja tu, akaandika kwa upole, "Tumebadilisha akaunti yetu ya benki, fedha zipelekwe katika hii mpya." Lugha ni safi, jina ni la rafiki, na hakuna bahati nasibu. Kwa barua za namna hii tumeweka kichujio chenye maneno "akaunti mpya" na mengine ya jinsi hiyo, nacho huzipa lebo ya "Piga Simu Kwanza". Hatulipi mpaka tumezungumza na mhusika kwa namba tuliyokuwa nayo zamani, wala si ile iliyoandikwa katika barua hiyo.

Vilevile jihadharini na "mnunuzi wa ng'ambo" anayetoa bei maradufu, lakini akitaka kwanza apelekewe ada ya usajili. Kisiwani kwetu karafuu zimekuwa kwa miaka mingi zikinunuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, kwa bei inayotangazwa. Mtu anayemruka mnunuzi ajulikanaye, akakuomba fedha kabla ya kukupa fedha, huyo haji kununua karafuu.

Jambo jingine: mwizi akipata neno lako la siri, aweza kuweka kanuni zake mwenyewe ndani ya akaunti yako, barua za benki zikafichwa au zikapelekwa kwake bila wewe kujua. Kwa hiyo kila mwezi fungueni ule ukurasa wa vichujio, na ule wa kupeleka barua kwingine. Mkikuta kanuni msiyoiweka, ifuteni, na mbadilishe neno la siri siku ile ile.

KWA WENYE SIMU TU

Wengi wenu hamna barua pepe, lakini nani kati yetu hajapokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Huyo ni ndugu yake barua taka. Asiyejua mwenye namba ni nani asitume hata senti. Ujumbe wa kitapeli wapelekeni kwa namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Na kwa kupiga *106# mtu aweza kutazama ni namba zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tena Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 20, yazungumzia ujumbe usioombwa unaopelekwa kwa nia ya uhalifu, na sheria hiyo yahusu Bara na Zanzibar pia.

KAZI YA KILA JUMA

Sasa ofisini tumeweka desturi. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kazi nyingine, watu wawili hupitia sanduku la barua taka na lebo ya "Za Kukaguliwa". Iliyo njema hubofywa kuwa si taka, nayo kompyuta hujifunza. Kazi huchukua muda mfupi, na kwa kuwa barua zilizo katika taka hufutwa baada ya siku 30, hakuna itakayotoweka bila kutazamwa. Wawili ni bora kuliko mmoja, maana macho ya katibu peke yake yalikwisha kukosea.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Chujio laweza kufanya makosa gani mawili, na lipi ni zito zaidi?
2. Kwa nini haifai kuruhusu kila barua itokayo @gmail.com?
3. Mwanachama ameweka kanuni ya kufuta kila barua yenye neno "benki". Mweleze atapata hasara gani, na umwonyeshe la kufanya badala yake.
4. Umepata barua ya mnunuzi unayemjua, akitaja akaunti mpya ya kulipia. Utafanya nini kabla ya kulipa?

Mwenye kutaka kuonyeshwa kwa vitendo na aje ofisini Jumamosi, aje na neno lake la siri kichwani, asilitaje kwa mtu, hata kwetu. Mkaguzi amekwisha kutuandikia siku ya kurudi. Mara hii barua yake imefika juu kabisa ya kikasha, na tumemjibu siku ile ile.

Wenu katika kazi,
Katibu