Maji ya Moto Hayaongezi Nguvu ya Sabuni ya Unga

Mtumiaji anayenunua sabuni ya unga, kuanzia Rusumo na Kabanga wilayani Ngara hadi Biharamulo mjini, mara nyingi hulipia viambato asivyovijua, kisha huviharibu mwenyewe kwa maji ya moto. Viambato hivyo ni vimeng'enya. Pakitini huandikwa "enzymes".

Kimeng'enya si kiumbe hai. Ni protini yenye umbo maalumu, na kila aina hushughulikia uchafu wa namna yake tu. Proteasi huikata protini ya damu, maziwa na jasho kuwa vipande vidogo vinavyochukuliwa na maji. Amilasi hukata wanga wa uji, na lipasi hukata mafuta. Kimeng'enya hakiishi kwa kazi hiyo, bali kikimaliza hapa huhamia pale. Ndiyo maana kiasi kidogo chatosha, ila chahitaji muda. Mjerumani Otto Röhm alipata hataza ya ufuaji wa namna hii mwaka 1913, akitumia vimeng'enya vya kongosho za wanyama. Siku hizi hutokana zaidi na bakteria na kuvu.

Maji yanayochemka huvuruga umbo la protini, kama ute wa yai unavyoganda kikaangoni. Hapo hasara huwa mbili: kimeng'enya hupoteza nguvu, na damu hugandamana na uzi wa nguo. Tunashauri doa la damu lisuuzwe kwanza kwa maji baridi, kisha nguo ilowekwe nusu saa au zaidi katika maji ya vuguvugu yenye sabuni. Kuni nazo zitapungua. Dawa ya klorini isitiwe katika beseni hilo, kwani nayo huharibu vimeng'enya. Sufu na hariri zisilowekwe humo: nazo ni protini, na proteasi haibagui.

Utomvu wa migomba, ambao wakazi wa Kagera wanaufahamu vyema, ni jambo jingine. Weusi wake hutokana na tanini zilizokutana na hewa, wala si protini, wanga au mafuta. Kwa hiyo asisadikiwe muuzaji anayeahidi kuwa vimeng'enya hivi vitauondoa.

Sabuni inayopimwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi haina maelezo ya viambato, na unyevu hudhoofisha vimeng'enya vyake. Ni heri pakiti ndogo iliyofungwa, yenye alama ya ubora ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi. Unga umiminwe taratibu, maana vumbi lake likivutwa puani huweza kuamsha pumu.