SOMO: Mizizi ya Miche ya Kahawa Katika Viriba

Hesabu ya kitalu cha chama huandikwa kwa kutazama majani. Mtunza kitalu hupita kati ya matuta, huona viriba 2,000 vyenye miche ya kijani, na katibu huandika 2,000 katika daftari. Lakini sehemu kubwa ya mali hiyo imo ndani ya udongo, mahali ambapo hapana mtu atazamaye. Mche wenye mzizi mbovu huweza kupendeza kitaluni mwaka mzima, ukalipiwa na mwanachama, ukapandwa, kisha ukanyauka katika kiangazi cha mwaka wa tatu au wa nne, pale unapobeba mzigo wake wa kwanza mkubwa. Wakati huo hakuna akumbukaye kitalu. Hulaumiwa jua, au mwanachama huambiwa kuwa ni mvivu.

Kosa la kwanza ni maji. Mizizi huhitaji hewa. Udongo mzuri una matundu madogo ambamo maji na hewa hukaa pamoja; maji yakimwagwa kila siku bila kipimo, matundu yote hujaa, hewa hutoweka na ncha za mizizi huoza. Mzizi uliooza hauwezi kunyonya maji, hivyo majani hulegea. Mtunza kitalu, akiyaona yamelegea, hudhani ni kiu na huongeza ndoo nyingine. Jambo hilo huonekana hata kwa ua lililopandwa katika kopo lisilotobolewa, barazani pa ofisi ya chama: kila apitaye hulimwagia, nalo hufa huku likihurumiwa. Aidha, udongo ulioloa daima hukaribisha kinyaushi, ugonjwa uozeshao shina la mche mchanga usawa wa ardhi.

Kwa hiyo kipimo kisiwe kalenda, bali kidole. Kidole kitiwe katika udongo hadi kiungo cha pili. Kikikuta unyevu, maji yasubiri. Mzoefu huweza pia kuinua kiriba na kujua kwa uzito wake. Maji yanapohitajika, yamwagwe asubuhi, taratibu, mpaka yachuruzike kwenye matundu ya chini. Kunyunyizia kidogo kidogo kila jioni ni hasara ya namna nyingine: huloa sehemu ya juu tu, nayo mizizi hubaki huko huko juu. Kiriba kisicho na matundu chini na ubavuni hakifai, hata kama kilinunuliwa kwa bei rahisi. Mchanganyiko utumikao sana ni sehemu 3 za udongo wa juu, 2 za mchanga na 1 ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi.

Kosa la pili, ambalo ni baya zaidi kwa kuwa halirekebishiki, hutokea siku ya kuhamisha miche kutoka katika tuta la mchanga kwenda kwenye viriba. Shimo likiwa fupi, mzizi mkuu hukunjwa na ncha yake hutazama juu. Mche huo hauwezi tena kufuata maji chini sana. Yapasa shimo litobolewe kwa kijiti kirefu kuliko mzizi. Mzizi uliozidi urefu upunguzwe ncha kwa kisu kikali. Uliojipinda tangu kuota utupwe. Mche uingizwe, uvutwe juu kidogo ili mzizi unyooke, ndipo udongo ushindiliwe kwa vidole.

Hapa Halmashauri za vyama zina lawama yao. Vyama hulipa vibarua kwa idadi ya viriba vilivyopandwa kwa siku, na alipwaye kwa idadi hana sababu ya kunyoosha mzizi. Kwa nafasi ya futi 9 kwa 9, ekari moja huchukua miche 538. Ikiwa katika ile miche 2,000 moja kwa kila mitano imepinda mzizi, basi miche 400, karibu robo tatu ya ekari, imekwisha kupotea kabla ya kupandwa. Nayo haikupotea mahali pamoja, bali imetawanyika katika mashamba ya wanachama wengi, wala hakuna atakayedai.

Miche ya vikonyo, ambayo ni njia mojawapo ya kuzalisha aina zilizotolewa na Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania kule Lyamungo, haina mzizi mkuu kama ule wa mbegu. Kwa hiyo itazamwe kama mizizi yake imetoka pande zote, au upande mmoja tu.

Mvua zikichelewa, miche hukaa kitaluni kupita wakati wake na mizizi hujizungusha chini ya kiriba. Ihamishiwe katika viriba vikubwa zaidi, au siku ya kupanda kitako cha kiriba kikatwe kama inchi moja pamoja na mizizi iliyojiviringa, kisha nailoni yote iondolewe.

Kabla ya chama kupokea miche, wajumbe wawili wa Halmashauri, wasioambiwa mapema ni tuta lipi, wachague viriba 10 kutoka sehemu mbalimbali, wavipasue na kuosha mizizi kwa maji. Idadi ya iliyopinda na iliyooza iandikwe katika daftari la kitalu, kando ya idadi ya miche iliyopokelewa, nao watie sahihi. Vikipatikana viwili vibovu au zaidi, vipasuliwe vingine 20 kutoka tuta lile lile kabla mwanachama yeyote hajatozwa fedha.